Kutafuta Mapigo ya Gama ya Pulsa ya Vela kwa Kompyuta ya Nyumbani

Jioni za Machi, anga la Nairobi likiwa safi, pulsa ya Vela, yaani mabaki ya nyota yanayojizungusha kwa kasi na kutoa mapigo, hupita upande wa kusini kwenye kimo cha nyuzi zipatazo 46, ingawa jicho haliioni. Fotoni zake za gama, yaani chembe za mwanga wenye nishati kubwa sana, hunaswa na darubini ya Fermi, iliyo angani tangu 2008, na data zake hutolewa bure. Kazi yenyewe si ngeni kwetu, kwani SAS-2, setilaiti iliyorushwa mwaka 1972 kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi, iliyaona mapigo hayo hayo.

Pakua fotoni za kuanzia GeV 0.1 (GeV ni kipimo cha nishati ya fotoni), ikiwezekana usiku bando likiwa nafuu, kisha uondoe zote zilizotoka zaidi ya nyuzi 90 kutoka utosini, kwa sababu ukingo wa angahewa la Dunia nao hung'aa kwa gama.

Saa ndiyo hutesa wengi. Mwanga wa Jua hutufikia kwa takriban sekunde 499, hivyo Dunia inapolizunguka Jua fotoni huwahi au huchelewa kwa dakika kadhaa, ilhali Vela hujizungusha mara moja kila milisekunde 89. Kwa hiyo muda wa kila fotoni sharti uhamishiwe kwenye kitovu cha uzito cha mfumo wa Jua kabla ya kukokotoa awamu yake, yaani sehemu ya mzunguko wa pulsa inayoangukia. Hakikisha pia kuwa faili ya mzunguko, inayoeleza kasi ya pulsa kwa tarehe, inafikia tarehe za data zako. Vela iliongeza kasi ghafla tarehe 12 Desemba 2016, Jamhuri Dei yetu, nami niliwahi kutumia faili iliyoishia kabla ya siku hiyo, nikaona vilele vyangu viwili, sehemu za mzunguko ambako fotoni hurundikana, vikififia hadi vikawa kama uji.

Vilele vikisimama wima, weka alama za dirisha (kipande cha mzunguko) la kilele cha pili, ambacho hudumu nishati inapopanda, na za sehemu tulivu isiyo na mapigo. Fanya hivyo kabla ya kufungua fotoni za juu ya GeV 10, kwa maana anayechagua dirisha baada ya kuziona hujitungia mapigo. Tuseme dirisha ni 0.1 ya mzunguko na sehemu tulivu ni 0.3 yenye fotoni 30: dirishani tarajia 10. Ukihesabu 12, huna kitu bado. Ukihesabu 30, panda hadi GeV 20 na urudie hesabu kwa madirisha yale yale.