Udongo, zabibu na mshumaa: siku ya majaribio studioni Dodoma

Kuna siku studioni ambazo sichori kazi ya mteja wala ya maonyesho. Naweka karatasi mezani, nakusanya vitu vyenye rangi, kisha naangalia kila kimoja kinafanya nini kikikutana na kingine. Hapa Dodoma hilo halihitaji kuagiza kitu Dar es Salaam: udongo uko nje ya mlango, zabibu ziko sokoni, mkaa uko jikoni.

Tafuta udongo mwekundu na wa njano, zabibu nyeusi konzi mbili, magadi, limau, mshumaa mweupe, kipande cha mkaa, yai, brashi na karatasi nene. Manila inatosha.

Hatua ya 1: Safisha udongo

Twanga udongo mkavu, uchekeche, uutie kwenye ndoo ya maji na ukoroge kwa nguvu. Subiri kama dakika moja. Mchanga unatangulia kuzama, tope laini linabaki juu. Mimina tope hilo kwenye chombo kingine, mchanga uuache. Kesho yake mwaga maji yaliyojitenga, anika kilichobaki. Usiharakishe hapa, maana punje moja ya mchanga inatosha kukwangua karatasi.

Hatua ya 2: Choma ule wa njano

Hii naipenda kuliko zote. Weka unga wa njano kwenye kopo la bati, juu ya jiko la mkaa uliokolea, nje penye hewa, ukoroge kwa kijiko kikavu. Njano inafifia, inaelekea rangi ya chungwa, mwisho inakuwa nyekundu ya matofali. Njano ile inatokana na madini ya chuma yaliyoshikana na maji. Moto ukiyafukuza maji, yanabaki madini mekundu. Kila rangi inapobadilika, toa kijiko kimoja ukiweke pembeni. Shimo moja la udongo linakupa ngazi nzima ya rangi.

Wekundu wa chuma ndio uliochorewa kwenye miamba ya Kolo, Kondoa, michoro iliyoingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Nenda ukaione, msanii mwenzangu. Usiiguse, na usikubali mtu aimwagie maji ili ing'ae kwa picha, maji yanaiharibu.

Hatua ya 3: Ifunge kwa yai

Tenga kiini, kishike kwa ngozi yake, kitoboe kidondoke kwenye kikombe. Ongeza maji kiasi kilekile, kisha saga pamoja na unga wa udongo juu ya kioo. Rangi ikikauka na kuachia vumbi kidoleni, ongeza kiini. Itumie siku hiyohiyo.

Hatua ya 4: Zabibu zibadilike

Chemsha maganda kwa maji kidogo, chuja. Paka juisi hiyo kwenye karatasi na, kabla haijakauka, dondoshea limau upande mmoja na maji ya magadi upande mwingine. Penye limau panakuwa pekundu zaidi. Penye magadi panaelekea bluu, hata kijani. Matone mawili yakikutana yanatoa povu, na povu likikauka linaacha alama ambazo brashi haiwezi kuzichora.

Hatua ya 5: Vikutanishe

Kwenye karatasi mpya, chora mistari kwa mshumaa ukikandamiza. Pitisha juisi ya zabibu: nta inaikataa, mistari inabaki myeupe. Ikikauka, weka udongo hapa na pale, na mkaa uje mwisho kabisa. Ukianza na mkaa, kila brashi itauburuza na rangi zote zitachafuka. Usilazimishe sura ya mtu au mti kutokea. Nyuma ya karatasi andika ulichotumia na mpangilio wake, la sivyo hutaweza kukirudia kilichokufurahisha.

Hatua ya 6: Ijaribu kwa jua

Kata karatasi katikati. Nusu moja ibandike dirishani panapopigwa na jua, nyingine ifungie kwenye droo. Baada ya wiki kadhaa zilinganishe. Udongo utakuwa vilevile, lakini zabibu itakuwa imepauka. Kwa hiyo zabibu naiacha kwenye daftari la majaribio. Kazi ya kuuza, yenye kutundikwa sebuleni kwa mtu, naipa udongo, na zambarau ikihitajika natumia rangi ya dukani.