Jinsi ya kupeleka maoni kuhusu mswada kabla haujawa sheria

Nchini Kenya, mkulima wa miwa wa Muhoroni au Mumias anayetaka mswada ubadilishwe hana budi kujua kwanza umefika wapi, kwa sababu raia hasikilizwi katika kila hatua.

Baada ya kuchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, mswada husomwa mara ya kwanza bungeni, yaani kichwa chake tu bila mjadala, kisha hukabidhiwa kamati husika, kama vile Kamati ya Kilimo na Mifugo kwa mambo ya sukari. Huu ndio wakati wako. Ibara ya 118 ya Katiba inalilazimu Bunge kuwashirikisha wananchi, na kamati hutangaza magazetini na katika tovuti ya Bunge siku ya mwisho ya kupokea maoni, siku ambayo mara nyingi huwa karibu mno. Kwa hiyo pakua mswada mapema na uusome mwenyewe badala ya kutegemea uliyoyasikia sokoni.

Andika barua kwa Karani wa Bunge la Taifa, ukitaja jina na nambari ya mswada, kifungu unachokilenga, maneno yaliyopo, maneno unayopendekeza na sababu zako. Kulalamika tu kwamba mkulima anaumia hakumsaidii anayeandika ripoti ya kamati. Lakini ukipendekeza kifungu kitaje idadi ya siku ambazo kiwanda kinapaswa kumlipa mkulima baada ya kupokea miwa, na uambatanishe nakala za stakabadhi za mzani na za malipo yaliyochelewa, pendekezo hilo linaweza kuingizwa katika ripoti jinsi lilivyo. Kiswahili ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge kwa mujibu wa ibara ya 120, basi hakuna haja ya kumlipa mtu akuandikie kwa Kiingereza. Kamati ikija Kisumu au Kakamega kusikiliza maoni, kikundi chenu cha wakulima kichague msemaji mmoja aliyeusoma mswada, hata kama si mwenyekiti.

Katika kusomwa mara ya pili wabunge hujadili misingi ya mswada, kisha Kamati ya Bunge Zima, yaani wabunge wote wakikaa kama kamati, huupitia kifungu kwa kifungu kabla ya kusomwa mara ya tatu. Hapo raia hana sauti ila kupitia mbunge wake, ambaye anaweza kuwasilisha marekebisho.

Mswada unaohusu kaunti hupita pia katika Seneti, na huko unapata nafasi ya pili ya kutoa maoni. Mswada wa Sukari wa 2022, ulioletwa na mbunge wa Navakholo, Emmanuel Wangwe, ulifika kwenye kamati ya upatanishi baada ya mabunge hayo mawili kutofautiana, na Rais akautia saini Novemba 1, 2024.

Rais ana siku 14 za kutia saini au kuurudisha mswada pamoja na sababu zake, kama alivyourudisha Mswada wa Fedha Juni 2024. Bunge linaweza kuupitisha tena bila kuubadilisha likipata thuluthi mbili ya kura. Sheria iliyotiwa saini huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali katika muda wa siku saba na huanza kutumika siku ya 14 baada ya kuchapishwa, isipokuwa yenyewe itaje tarehe au wakati mwingine. Ithibitishe tarehe hiyo kabla ya kwenda kiwandani kudai haki yako.