Simu ya bei nafuu na bando la kukutosha: kagua hivi kabla hujalipa

"Nina elfu kumi, ninunue simu gani?" Swali hili naulizwa mpaka nimechoka, basi nimeandika jibu lote hapa. Sitataja simu moja, maana matoleo hubadilika upesi. Nitawaonyesha namna ya kukagua yoyote mtakayotiwa mkononi, iwe Mwembe Tayari au Digo Road hapa Mombasa.

1. Panga bajeti, na ndani yake utenge pesa ya kava.

2. Tazama RAM (kumbukumbu ya kazi, inayoipa simu wepesi) na nafasi ya kuhifadhi kabla ya kamera. Sanduku likiandikwa "RAM GB 8", soma maandishi madogo: mara nyingi ni 4 za kweli na 4 zilizoazimwa kwenye nafasi ya kuhifadhi, nazo huenda polepole kuliko RAM yenyewe. Simu ya GB 32 hukubakishia chache, kwa kuwa Android na programu zake hula zaidi ya 10. Ukipata 64, chukua.

3. Iwe ya 4G. Kwa bei hii 5G usiililie.

4. Piga *#06#. Itatokea IMEI, namba ya utambulisho wa simu; ifanane na ya kwenye sanduku.

5. Simu ya mkono wa pili. Hapa ndipo watu huliwa pesa zao. Binamu yangu aliuziwa simu safi, haina hata mkwaruzo. Baada ya muda mfupi skrini ikajifunga ikidai malipo: kumbe mwenyewe wa kwanza aliichukua kwa mkopo, akaiuza, akaacha kulipa. Kufuli ya namna hiyo haitoki kwa kufuta simu, na muuzaji alikuwa keshapotea. Kwa hivyo ingia kwenye mipangilio, sehemu ya usalama, utazame programu za usimamizi wa kifaa. Ukikuta ya kampuni ya mkopo, mrudishie muuzaji simu yake. Usipoikuta, mwambie aondoe akaunti yake ya Google mbele yako, halafu aifute simu mbele yako vilevile. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu iliyofutwa kwa njia za panya huomba akaunti ya zamani, na bila hiyo haifunguki. Iwashe, tia laini yako, ifike mpaka skrini ya mwanzo, ndipo utoe pesa. Akisema ana haraka, mwache aende na haraka yake.

6. Bando. Kabla ya kuchagua, fungua mipangilio uone mwezi uliopita umetumia GB ngapi na programu gani imekula zaidi. Bando la saa moja ni rahisi ukihesabu kwa MB, ila lisipoisha kwa wakati, linakufa. Lile lisilo na mwisho wa muda, ambalo Safaricom walileta 2019, MB zake ni ghali zaidi, lakini kwa mtu wa ujumbe na simu chache humfaa. Video ya ubora wa 480p hula karibu nusu GB kwa saa, ya 1080p hula mara kadhaa ya hiyo. Izuie WhatsApp isipakue picha na video yenyewe bila kukuuliza. Na kwenye *544# ya Safaricom zuia intaneti isile kredi bando likiisha.

MASWALI

Mwana Kisauni: Kwa hivyo simu gani nzuri ya elfu nane?

Jibu: Soma hatua ya 2 na ya 5.

Mwana Kisauni: Nimesoma. Ile yenye kamera tatu je?

Jibu: RAM ngapi? Hukusoma.

Baba Rama: Mimi natumia ya mkopo na haijanisumbua. Mwatisha watu bure.

Jibu: Wapi nimesema mkopo ni mbaya, bwana? Wewe walipa, ni yako. Nimesema usinunue deni la mtu mwingine.

Mama Zuhura: Shikamoo. Naishi Mji wa Kale. Ndani mtandao hupotea, nikitoka barazani unarudi. Ni simu au laini?

Jibu: Marahaba mamangu, umeuliza vizuri. Kuta za nyumba hizo ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene sana, na mawimbi ya 1800 MHz huchoka kupenya. Ya 800 MHz hupenya zaidi, lakini simu lazima iwe na bendi ya 20 (ndiyo hiyo ya 800 MHz), na nyingi zilizotengenezewa soko la Marekani hazina. Jaribu hivi: tia laini yako kwenye simu ya jirani, mkae chumba hichohicho. Ikishika, tatizo ni simu yako. Isiposhika, jaribu laini ya mtandao mwingine kwenye simu yako kabla hujanunua chochote.

Mama Zuhura: Ahsante mwanangu. Ni ya Marekani kweli, aliniletea mjukuu.

Kijana wa Likoni: Kando kidogo: yangu kila nikivuka feri yaandika kuna unyevu kwenye tundu la chaji.

Jibu: Chumvi ya bahari hiyo. Usichokore kwa pini, wala usiitie kwenye mchele. Izime, tundu litazame chini, uiache penye upepo. Ikiandika tena hali ni kavu, mpelekee fundi aisafishe kwa spiriti, na usikubali abadilishe tundu kabla hajalisafisha.