Kanban kwa timu ndogo ya programu: anzeni na vikomo

Timu nyingi za programu zina ubao wa kazi, ila ubao usio na kikomo, yaani idadi ya juu ya kadi zinazoruhusiwa kwenye safu kwa wakati mmoja, huishia kuwa orodha ya mambo yaliyoanzwa. Kanban, yaani njia ya kuendesha kazi kwa kadi zinazosogea kwenye ubao, ilianzia katika viwanda vya Toyota nchini Japani. Huko, mhandisi Taiichi Ohno alisimamia utaratibu ambao hatua ya nyuma haizalishi kitu mpaka hatua ya mbele yake ikihitaji. Shikeni hilo kwanza, rangi za kadi mtazichagua baadaye.

Chora njia ambayo kazi inapita leo, hata kama hamjaridhika nayo. Kwa timu ya wasanidi (waandishi wa programu) watano na mjaribu mmoja, safu tano zinatosha: Tayari, Inaandikwa, Inapitiwa, Inajaribiwa, Imetoka. Safu ya Tayari ibebe kadi 5 hadi 8 tu. Mawazo mengine yakae kwenye orodha ya pembeni.

Kila kadi ieleze badiliko ambalo mtumiaji ataliona, na uandishi wake usizidi siku 2 au 3. “Mfumo wa malipo” ni mradi mzima. “Mteja aliyelipa kwa M-Pesa aone namba ya muamala kwenye risiti” ndiyo kadi. Chini yake andika kitakachoonekana malipo yakipita, yakikataliwa, na majibu yakichelewa. Mstari wa tatu ndio husahaulika, na ndio hurudisha kadi kutoka kwa mjaribu.

Sasa vikomo. Anzeni na 4 kwenye Inaandikwa, 2 kwenye Inapitiwa na 2 kwenye Inajaribiwa. Wasanidi ni watano na nafasi za kuandika ni nne, kwa makusudi: wa tano apitie msimbo (maandishi ya programu) wa mwenzake au asaidie majaribio. Bosi akidhani watu wanakaa bure, mwonyesheni hesabu ambayo mtafiti John Little aliithibitisha mwaka 1961. Kazi ikienda kwa mwendo usioyumba, wastani wa muda wa kadi ni idadi ya kadi zinazoendelea, gawanya kwa zinazomalizika kila wiki. Kadi 8 zikiwa mkononi na 4 zikitoka kwa wiki, kila moja inachukua wiki 2. Shikeni 16 kwa kasi ileile, zitakuwa wiki 4, na hakuna aliyefanya uvivu.

Mambo huharibika zaidi kwenye mapitio. Msanidi amemaliza kuandika, safu ya Inapitiwa imejaa. Asisukume kadi mbele wala asichukue mpya. Kadi ibaki Inaandikwa, iendelee kuhesabiwa, na yeye akapitie mojawapo ya zile mbili zilizoziba njia. Timu nyingi hukwepa usumbufu huu kwa kuongeza safu ya “Imeshaandikwa” isiyo na kikomo. Kadi zinarundikana humo, tawi kuu la msimbo (nakala ambayo timu nzima huunganishia kazi) linazidi kubadilika, na zamu ya mapitio ikifika, mwandishi anaanza kwanza kutatua migongano ya msimbo ambao ameshausahau. Mkitaka kutenganisha inayofanyiwa kazi na inayosubiri, gawanyeni safu ndani kwa ndani, chini ya kikomo kimoja.

Kadi iliyokwama ibaki palepale na alama nyekundu, tarehe, na jina la anayesubiriwa. Iendelee kuhesabiwa. Ukiipeleka kwenye safu ya “Zilizokwama”, umejipa ruhusa ya kuanza nyingine, na hakuna atakayeifuatilia tena. Kwa dharura ya kweli, kama malipo kusimama, wekeni mstari mmoja juu ya ubao unaobeba kadi 1 tu.

Kuhusu zana za ubao wa kwenye kompyuta, msipoteze wiki kuchagua. Jira ina sehemu ya kuweka idadi ya juu kwa kila safu, na GitHub Projects pia ina kikomo cha safu. Zote mbili huonya tu, hazizuii kadi kuingia. Kuzuia ni kazi yenu. Kwenye Trello, njia rahisi ni kuandika namba kwenye jina la safu: “Inapitiwa (2)”.

Kikao cha kila siku kisizidi dakika 15. Someni ubao kutoka kulia kwenda kushoto, kuanzia kadi iliyo karibu kutoka, na kwa kila moja ulizeni nini kinahitajika isogee leo. Mkizunguka mtu kwa mtu, kila mmoja atatoa ripoti ya shughuli zake na kadi iliyolala siku nne haitatajwa na yeyote.

Andikeni tarehe kadi inapoingia Inaandikwa na tarehe inapotoka. Kadi zilizotoka zikifika 20, zipangeni kwa idadi ya siku, fupi kwanza, mtazame ya 17: kadi 17 kati ya 20 hazikuzidi muda wake. Kama ilichukua siku 9, mwambieni mteja: “Kazi ya aina hii kwa kawaida humalizika ndani ya siku 9 tangu tuianze.” Msitumie wastani kuahidi, maana kadi si chache huuzidi.

Kikomo cha safu kikipitisha wiki mbili bila kujaa, kipunguzeni kwa 1. Kikijaa kila siku mahali pamoja, msikipandishe kwanza. Ongezeni mikono hapo.