Kupata na Kutunza Leseni ya Kuuza Nyumba na Ardhi California

Marekani haina leseni moja ya taifa ya kuuza nyumba na ardhi. Kila jimbo hutoa yake. Katika California unatakiwa uwe umetimiza miaka 18 na umemaliza kozi tatu za ngazi ya chuo zenye jumla ya saa 135, ndipo uruhusiwe kufanya mtihani wa jimbo wenye maswali 150 ya kuchagua jibu, ambao hufaulu anayepata angalau asilimia 70. Alama za vidole nazo huchukuliwa ili historia yako ichunguzwe. Hapa wengi hujikwaa, kwa kuwa hukumu ya zamani iliyofichwa kwenye fomu inaweza kukuponza kuliko ambavyo ingekuponza kama ungeitaja.

Leseni pekee haikuruhusu kujitegemea. Muuzaji hufanya kazi chini ya dalali aliyesajiliwa, yaani mwenye leseni ya ngazi ya juu kuliko yake, na kamisheni huipokea kwa dalali huyo tu. Mteja akikuandikia hundi kwa jina lako kama malipo ya kazi, hata kwa nia njema, irudishe na umweleze sababu.

Leseni hudumu miaka 4, na kuihuisha kunahitaji saa 45 za masomo ya kujiendeleza, ambayo ni busara kuyagawa mwaka hadi mwaka badala ya kuyarundika mwishoni. Ukichelewa, una miaka 2 ya kuihuisha kwa ada kubwa zaidi, lakini katika kipindi hicho huruhusiwi kufanya kazi hiyo. Ukipitisha muda huo, unarudi kwenye mtihani.