Somo: Kukusanya vigari vya chuma vya gemu, tukianza na Mario Kart za Hot Wheels

Vigari vya gemu viko vingi. Hot Wheels, chapa ya vigari ya kampuni ya Mattel, peke yao wameshatoa Minecart ya Minecraft, Warthog ya Halo, ndege mwekundu na nguruwe wa Angry Birds, na seti za Forza. Anayenunua kila anachokiona huishia na kapu la vitu visivyojuana. Somo hili linashika mfululizo mmoja, vigari vya Mario Kart (gemu ya mbio ya Nintendo), ulioingia sokoni 2019. Ukishauelewa huu, mingine utaisoma kwa njia hiyohiyo.

Hatua ya 1: Chora mpaka kabla ya kutoa hela

Vigari hivi vimefuata Mario Kart 8, gemu ya 2014 iliyorudi 2017 kwa jina la Mario Kart 8 Deluxe. Humo dereva na kigari huchaguliwa kila kimoja peke yake, na Hot Wheels wamefanya vivyo hivyo. Mario wa Standard Kart na Mario wa Wild Wing (hayo ni majina ya vigari) ni vitu viwili tofauti. Amua mapema unafuata nini: kigari kimoja kwa kila dereva, au kila umbo la kigari, au kila kilichotoka. Ushauri wangu kwa anayeanza ni dereva mmojammoja. "Kila kilichotoka" kutakuchosha, maana pakiti za vigari vinne mara nyingi huficha kimoja kisichouzwa peke yake, na utalazimika kununua vitatu ambavyo tayari unavyo.

Hatua ya 2: Fungua daftari

Kila kigari kipewe mstari wake: dereva, jina la kigari (kwa mfano B-Dasher ya Yoshi au Circuit Special ya Koopa Troopa), rangi, kina mbawa au hakina, namba ya kwenye kadi ya pakiti, kodi ya tumboni (msimbo uliochapwa chini ya kigari), bei, hali. Ile namba ya kwenye kadi ina herufi na tarakimu tano kwa jumla, kisha kistari na herufi za ziada. Nakili zile tano za mwanzo. Ndizo zinazotambulisha bidhaa yenyewe.

Hatua ya 3: Soma tumbo la kigari

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mwaka ulio karibu na alama ya © ni wa kusajiliwa kwa umbo, si wa kutengenezwa. Kigari kilichotoka kiwandani jana kinaweza kubeba mwaka wa zamani kabisa. Tafuta kodi fupi ya herufi moja na tarakimu mbili. Herufi ni mwaka, kuanzia A ya 2008. Tarakimu ni wiki. I na O zimerukwa kwa sababu zinafanana na 1 na 0, kwa hiyo H ni 2015, J ni 2016, M ni 2019, N ni 2020, P ni 2021. Ukiona M27, hiyo ni wiki ya 27 ya 2019. Wino ukiwa hafifu, washa tochi ya simu na uielekeze kwa ubavu, si kwa juu.

Hatua ya 4: Kagua kabla ya kulipa

Kwenye mafungu ya midoli ya mtumba utakutana na vigari bila kadi. Kipindue. Tumbo lisilo na jina la Mattel wala kodi, uzito mwepesi, na macho ya dereva yaliyochapwa nje ya mstari: kirudishe. Viringisha kwenye kioo au kigae. Kikivuta upande mmoja, ekseli imepinda. Mtikise dereva kidogo kwa kidole. Akicheza, pachiko lake limevunjika kwa ndani, na gundi haitamshika muda mrefu. Kama ni toleo la mbawa, ulizia mbawa zenyewe. Ni kipande cha plastiki kinachopachikwa juu, na ndicho cha kwanza kupotea mikononi mwa mtoto.

Hatua ya 5: Safisha kwa woga

Maji vuguvugu, tone moja la sabuni ya vyombo, mswaki laini wa mtoto. Chovya, sugua sekunde chache, suuza, kisha kausha kwa kitambaa na ukilaze ubavu saa kadhaa ili maji yatoke kwenye ekseli. Usitumie spiriti wala dawa ya kuondoa rangi ya kucha. Macho, namba na nembo ni chapa nyembamba ya wino juu ya rangi, na asetoni iliyo kwenye dawa hiyo ya kucha huitoa kwa mpanguso mmoja, na plastiki ya dereva hulainika.

Magurudumu yakiwa mazito, usitie mafuta ya kupikia: yanaganda na kukusanya vumbi. Kwangua risasi ya penseli iwe unga, weka kidogo kwenye ekseli kwa ncha ya kijiti cha meno, kisha zungusha.

Hatua ya 6: Hifadhi

Mbali na dirisha, kwa sababu jua hufifisha nyekundu kwanza na huifanya plastiki ya kadi kuwa ya njano. Kwa walio pwani, adui mkubwa ni unyevu: kadi hujikunja na ekseli za chuma hushika kutu. Tumia boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu ndani, na uvibadilishe vikishashiba.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, shukrani kwa somo. Pakiti imeandikwa 1:64 lakini kigari ni kikubwa mno kwa kipimo hicho. Ni feki?*

Si feki. Piga hesabu: kigari cha mita 2 kikigawanywa kwa 64 kinabaki sentimita 3 na kidogo. Hiki kina karibu sentimita 5. Hiyo 1:64 inakuambia kinakaa kwenye familia ya vigari vidogo na njia zake za kukimbizia. Si kipimo cha kweli.

*Dada mwenye somo, changu kinakwama kwenye njia ya Hot Wheels. Kwa nini?*

Pima upana wa magurudumu ya nyuma na upana wa ndani wa njia. Kisha tazama kichwa cha dereva: kinazidi paa la gari la kawaida, kwa hiyo hugonga kwenye geti au mashine ya kusukuma yenye paa la chini. Mbawa zitolewe kabla ya kukimbiza.

*Nataka kubadilisha magurudumu. Ribiti (pini ya chuma inayoshikanisha bodi na tumbo) naitoaje bila kuua kigari?*

Jaribu kwanza kwa kigari cha bei rahisi. Gonga alama katikati ya ribiti, toboa kwa biti ndogo, kisha biti ya milimita 3.5 hadi 4, polepole, mpaka ukingo wa ribiti uachie. Simama hapo. Ukiendelea unakula nguzo yenyewe, ile ya bodi iliyobeba ribiti. Kisha toboa nguzo kwa biti ya milimita 1.6, kina kama milimita 5, kata nyuzi za M2 (skrubu ya milimita 2) na ufunge kwa skrubu fupi ya M2. Tia tone la mafuta, zungusha nusu mbele na robo nyuma. Ukilazimisha, kikata nyuzi huvunjikia ndani na hakitoki. Drili ya kasi nayo huyeyusha tumbo la plastiki.

*Dada, nimeona unga mweupe kwenye bodi pale rangi ilipobanduka. Ni kutu?*

Bodi ni aloi ya zinki, haishiki kutu nyekundu. Huo unga ni zinki iliyoshambuliwa na unyevu. Panguza kwa kitambaa kikavu, kausha vizuri, gusia rangi pale palipobaki wazi. Kama bodi yenyewe imepasuka na kuvimba, ubaya uko kwenye aloi, na huo hauna dawa. Kitenge pembeni.