Kiungo cha barua pepe kisomwe kutoka kulia

Jana shangazi alinitumia picha ya barua pepe: "Akaunti yako itafungwa ndani ya saa 24. Thibitisha hapa." Nembo safi, lugha haina kosa. Nashukuru aliniuliza kabla ya kuandika nenosiri lake.

Sura ya barua isikushawishi, angalia kiungo. Kwenye simu usikibonyeze; kishikilie kwa kidole mpaka anwani yote itokee. Tafuta alama ya / ya kwanza baada ya https://, kisha rudi nyuma kushoto. Ukikuta google.com.hakiki-akaunti.info/ingia, mwenye tovuti ni hakiki-akaunti.info. Hiyo "google.com" ya mwanzo ni chambo tu. Tazama na herufi zenyewe: r na n zikibanana hufanana na m, kama kwenye rnicrosoft.com.

Unahofia huenda akaunti ina tatizo kweli? Iache hiyo barua, fungua programu yenyewe au andika anwani kwa mkono wako.

Na kama umeshaingiza nenosiri, tafadhali usione aibu ukanyamaza. Libadilishe sasa hivi, pamoja na kila mahali ulipotumia hilohilo. Toa kwenye akaunti vifaa usivyovitambua, washa uthibitishaji wa hatua mbili (nenosiri pekee halitoshi kuingia, unaombwa na uthibitisho wa pili, kama msimbo). Halafu ingia kwenye mipangilio ya barua pepe, sehemu ya kusambaza barua. Wengi hupasahau hapo, na tapeli akiwa ameweka anwani yake, ataendelea kupokea nakala za barua zako hata baada ya nenosiri kubadilika.